Ati Nikampigie Gitaa Langoni

Jumanne, Kaaga. Mvua haijaacha tangu asubuhi, nguo zimelowa kwenye kamba, na mimi nimekasirika hata chai haishuki.

Nimetoka kazini mapema, kwenye duka la dawa za mifugo, agroveti, nikasema leo namaliza wimbo wa kumwacha Mwenda. Sawa, niseme ukweli: ni Mwenda aliyeniacha. Miaka yote tumeimba kwaya moja, yeye mbele, mimi na gitaa nyuma yake, kisha ananiambia kwa simu kwamba amepata msichana Embu. Kwa simu! Na kwao na kwetu kunatenganishwa na ua wa miiba ya kaiyaba tu.

Maneno ninayo, tena makali. Shida ni kodi za gitaa, zile nyuzi za kubana na kupiga pamoja. Nilianza na G, nikaenda D, nikashuka E maina, nikamalizia C. Kusikiliza, wimbo wa kukusanya sadaka kabisa. Jirani akapita na mwavuli akipiga makofi: "Bwana asifiwe! Huo tutauimba Jumapili?"

Wueh! Mimi namtukana mtu, yeye anasikia ibada.

Nikageuza, E maina itangulie, huzuni ionekane. Ikawa afadhali. Lakini kila nikiimba, ubeti wa kwanza unazama kooni. Nikadhani ni homa.

Homa gani! Ni sauti ya Mwenda. Hata E maina ikitangulia, wimbo bado unakaa G, na G ndiyo inayomfaa yeye; kwa kuwa alikuwa kiongozi, miaka yote nimeimba chini chini kama mtu anayeongea ndani ya debe. Sasa hata wimbo wa kumfukuza nimeutunga umkae yeye! Nilitaka kulia, hasira ikanikataza.

Sauti yangu inakaa C, nimejua siku zote. Lakini ukipiga C lazima ukutane na F, na F unabana nyuzi zote kwa kidole kimoja. Mwenda alikuwa akiniambia, "Kendi, achana na F, hiyo si ya vidole vya wasichana." Na mimi nikaachana nayo. Ati mapenzi.

Nikapanga upya: A maina, F, C, G. F ikalia kama bati mpaka kidole kikawaka moto. Halafu ikatoka safi, na sauti yangu ikapanda nayo, mpaka mbuzi wa jirani akanyamaza.

Hapo ndipo ujumbe ukaingia. Mama Mukiri, mwenyekiti wa kwaya. Jumamosi tunamsindikiza Mwenda Embu kupeleka ruracio, mahari ya msichana wake. Kwa wakwe lango halifunguliwi mpaka wageni waimbe, kwa hivyo nisikose na gitaa. "Tunaanza na G kama kawaida."

Ati mimi! Nisimame kwenye matope ya watu nimwimbie afunguliwe lango la msichana aliyefanya niachwe! Haki watu hawana haya. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki jana ningeenda. Ningejiambia ni kazi ya Mungu.

Nimemjibu: "Mama Mukiri, kwaya naiheshimu, lakini Jumamosi siendi. Mwenda aimbe mwenyewe mpaka wafungue."

Kidole bado kinauma.

Narudia F.