Karani na Funguo za Babu

2 Machi

Bibi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na unalala vizuri. Mimi mzima, na mikate kiwandani tunaitoa kama kawaida. Anayenitesa ni Karani. Tangu nimchukue baada ya msiba wa babu, usiku analala miguuni pangu bila shida. Lakini alfajiri nikishafunga mlango, anaanza kubweka na hanyamazi mpaka nirudi saa nane mchana. Mlango ameukwangua hadi rangi imekwisha.

Chumba cha pili anakaa muuguzi wa zamu ya usiku, na asubuhi ndipo anapolala. Juzi alinisimamisha, macho mekundu. Akasema, "Dada, sikuchukii, wala mbwa wako simchukii. Lakini jana nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake." Mwenye nyumba amenipa hadi mwisho wa Mei: mbwa anyamaze, au tuhame wote wawili. Mwenzangu mmoja kazini ananishauri nimfunge mdomo kwa kamba.

Kumtoa siwezi, bibi. Ni mbwa wa babu. Nifanyeje?

Mjukuu wako

11 Machi

Marahaba, mke mwenzangu.

Goti linauma kwa sababu ni goti langu, lingekuwa la jirani nisingelijua. Anayeniandikia ni yuleyule fundi cherehani, na amesema nisimharakishe.

Huyo wa kamba mwambie aanze na mdomo wake. Ukimfunga Karani nitakuja huko kwa miguu, na goti hilihili.

Kosa lako nalijua. Unaaga sana. Hata hapa ukienda msalani ulikuwa unaaga. Unamshika masikio, unamwambia pole, baba, narudi sasa hivi. Mbwa akiona unaomboleza, naye aseme nini? Mtoroke. Akilala, nyata utoke.

Kula. Fundi anasema mwandiko wako umekonda.

Bibi yako

24 Machi

Bibi, shikamoo. Pole na goti, na msalimie fundi.

Nimenyata kama ulivyosema, na mambo yamekuwa mabaya zaidi. Sasa halali kabisa. Ananifuata hadi bafuni, na nikigeuka tu kitandani amesimama. Jumatatu alivunja kioo cha dirisha, akajikata mguu. Muuguzi ndiye aliyeufunga kabla hajalala. Niliona aibu, nikashindwa hata kusema asante.

Jambo moja silielewi. Asubuhi nikishika funguo, hanuni. Anakimbilia mlangoni mkia juu, anacheka mwili mzima, kama mtu aliyealikwa harusini. Nikimfungia ndani, ndipo balaa linapoanza.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mke mwenzangu,

Leo salamu baadaye. Ya kunyata nilikosea, nisamehe, na Karani anisamehe.

Funguo zipi? Nijibu hilo tu.

Bibi yako

19 Aprili

Bibi, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu karatasi mbili nimezichana.

Ni zile za babu. Siku ya tatu ya msiba nilizitoa kwenye msumari, nikaziweka kwenye mkoba. Nilitaka kitu alichokishika kila siku. Nimeutia ufunguo wa chumba changu katikati ya zake, kwa hiyo kila asubuhi natoka na shada lote. Ulipozitafuta, nilikuwa nimeshaondoka, na kukuandikia nikaogopa.

Nisamehe, bibi.

Mjukuu wako

27 Aprili

Marahaba, mwizi wangu.

Nimepindua godoro. Nimepekua debe la unga. Shemeji yangu nimemnunia miezi mitano nikidhani kaziuza kama chuma chakavu, na jana nimekwenda kumwomba radhi mbele ya wakwe zake. Hayo tutayamaliza uso kwa uso.

Sasa sikiliza. Babu yako alikuwa fundi kufuli. Miaka minane, kila asubuhi alitikisa funguo zile, na Karani akatoka naye kwenda kibandani. Hakumwacha hata siku moja. Kwa mbwa yule, sauti ile maana yake ni "twende kazini". Wewe unamwita kazini, kisha unamfungia mlango usoni! Hata mimi ningekwangua.

Nirudishie funguo. Wako mmoja ufunge kwenye uzi, ili usitoe mlio. Omba likizo yako. Kisha ushike huo ufunguo na ukae. Ushike, uoshe vyombo. Ushike mpaka auone kama kijiko tu. Halafu toka, vuta pumzi tano, rudi kabla hajaanza kubweka, usimsemeshe. Polepole uongeze. Asubuhi mtembeze hadi ulimi utoke. Ndivyo nilivyokuzoesha wewe nilipokuwa naenda kufua nguo za watu, na sauti yako ilimshinda huyo mbwa.

Na kamwambie muuguzi asante. Aibu haifungi kidonda.

Bibi yako

30 Mei

Bibi, shikamoo. Natumaini goti lina adabu siku hizi.

Nilipata likizo ya siku kumi na nne. Siku ya sita nilijiona mjanja, nikaenda hadi dukani, akaukwangua mlango tena. Tukarudi kwenye pumzi tano. Siku ya kumi na mbili nilikaa nje saa tatu nzima, nimeegemea ukuta kama mdaiwa, nikimsikiliza. Kimya.

Sasa nimerudi kazini wiki mbili. Nilimpelekea muuguzi mkate wa moto na asante yake. Akasema, "Leo kabweka mara mbili, akapiga mwayo nikausikia ukutani. Nikalala kama maiti." Jana mwenye nyumba alikuja, akatega sikio mlangoni, akaniuliza nimemuuza kwa nani. Tunabaki, bibi.

Funguo hizi hapa. Nimezishona ndani ya kitambaa nikiwa kazini, Karani asizisikie zikiondoka.

Mjukuu wako

12 Juni

Marahaba, mke mwenzangu.

Kifurushi kimefika. Fundi alikata nyuzi zako, akasema mshono gani huu, kisha funguo zikamtoka mkononi zikalia sakafuni.

Nikasimama. Na goti hilihili. Nilikuwa nimeshafika jikoni, nimeshika birika, namwekea babu yako maji ya kunawa. Maana miaka yote nilimsikia kwa funguo kabla sijamwona. Fundi akaniondolea birika mkononi.

Nimezitundika kwenye msumari wake. Kila asubuhi nazishika, nazitikisa, nakaa. Siku ya kwanza nililia. Siku ya tatu niliinuka nusu. Leo nimezitikisa, nikaendelea kuchambua mchele.

Mwambie Karani tumetoka sare.

Bibi yako