Mwalimu Mlingoti Hakusafiri

Mwaka umetimia, mwana wetu na kaka yetu, tangu ulipotutoka asubuhi ile katika wodi ya wanaume. Mama yako alikuwa ameteremka kukununulia maji ya kunywa. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimeshazungushiwa pazia.

Tulifanya yote yaliyopaswa kufanywa. Tulirudisha vitabu ulivyoazima. Tulifua shati lako la kazini, lile lenye madoa ya rangi, na madoa hayakutoka. Watu walitusifu kwamba tumejikaza. Hatukujikaza. Tulikuwa tumekufa ganzi, na aliyekufa ganzi hufanya kazi vizuri tu.

Tunakumbuka siku uliyotangaza mezani kwamba umepata nafasi chuo kikuu na kwamba utasomea elimu ya awali. Mjomba wako, dereva wa lori, aliacha kutafuna.

"Yaani chuo kikuu kizima, wewe umeona ukasomee uyaya?"

"Ni shahada, mjomba."

"Shahada ya kufuta makamasi. Mbona dada yako anafuta bure?"

Ulicheka kuliko sisi sote. Kisha ulimweleza kwa utaratibu. Ulisema mwenye shahada hiyo anaweza kufundisha chekechea, kusimamia kituo cha kulelea watoto, kuwashauri wazazi, kutunga vitabu vya picha, au kufanya kazi hospitalini pamoja na watoto waliolazwa muda mrefu, ili wasisahau kucheza. Ulisema miaka ya kwanza ya mtoto ndiyo inayojengewa mingine yote, na kwamba msingi hauachiwi mtu yeyote aliyepita njia.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. "Sawa," akasema. "Yaya mwenye digrii."

Baba yako alikuwa amekutengea meza ya kazi katika karakana yake ya useremala, karibu na dirisha. Kwa muda mrefu aliwaambia wateja wake kwamba mwanawe anasomea ualimu, bila kutaja wa nani.

Ulipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, ulirudi nyumbani ukiwa na ombi.

"Baba, nataka rafu inayonifika magotini."

"Ya viatu?"

"Ya vipande vya mbao vya kujengea. Mtoto achukue mwenyewe, arudishe mwenyewe."

"Na akiiangukia?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Aliitengeneza. Alizipiga msasa pembe zote hadi zikawa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Hakusema kwamba amekubali. Alitengeneza ya pili bila kuombwa.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukilala kifudifudi sakafuni kumtazama mpwa wako akihamisha maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Mama yako alikuwa akipita na tambara.

"Anamwaga maji, na wewe unamtazama tu."

"Anapima, mama."

"Anapima nini?"

"Bado hajaniambia."

Shuleni watoto walikuita Mwalimu Mlingoti kwa sababu ya urefu wako, ingawa muda mwingi ulikuwa umepiga magoti. Wazazi walikufahamu kwa jambo moja zaidi. Asubuhi, mlangoni, hukumruhusu mzazi yeyote kunyemelea nje wakati mtoto ameshughulishwa na mchezo. Wengi walijaribu. Wengine walikuwa na haraka, wengine walikuwa wanaogopa kilio. Uliwarudisha kwa upole.

"Mama, usimtoroke. Muage."

"Atalia, mwalimu."

"Alie. Nitakaa naye. Akijua umekwenda, atajua pia kwamba utarudi."

Mwalimu msaidizi wako anasema kwamba mwanzoni darasa zima lilikuwa kilio kitupu, na kwamba baadaye watoto walikuwa wakiwaaga wazazi wao kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukiendelea kujenga.

Uliugua wakati wa likizo, na kabla haijaisha ulikuwa umetutoka. Shule ilipofunguliwa, hukuwapo mlangoni. Mwalimu mkuu aliwaambia watoto kwamba umesafiri. Alikusudia wema, na baadhi ya wazazi walimwomba aseme hivyo. Mwalimu msaidizi hakuridhika, lakini alikuwa bado mchanga kazini na akanyamaza. Kwa hiyo darasa lako, kati ya madarasa yote, ndilo lililobaki likimngoja mtu asiyerudi.

Nasi nyumbani hatukuwa tofauti sana. Wateja walipouliza habari zako, baba yako alijibu, "Hayupo," akaendelea kupiga randa. Neno "amekufa" hakulitamka hata siku moja. Mama yako naye hakulitamka, kwa ajili yake. Tuliacha meza yako karakanani kama ilivyokuwa. Tulizoea kulizunguka jambo hili kama watu wanavyozunguka kabati kubwa lililowekwa vibaya.

Mwezi uliopita mwalimu msaidizi alikuja kumwomba baba yako akazikaze rafu zako, kwa kuwa zimeanza kuyumba. Tulidhani atakataa. Alichukua sanduku la vifaa akaenda. Yaliyotokea huko tumesimuliwa na mwalimu, maana baba yako si msimuliaji.

Alikuwa amekaa sakafuni anafungua parafujo. Yule msichana uliyekuwa ukimwita Bosi, kwa sababu ya kuwapangia wenzake kazi, alikuja akasimama mbele yake.

"Babu, wewe ni fundi?"

"Mimi ni fundi."

"Mbona una sura ya Mwalimu Mlingoti?"

"Ni mwanangu."

"Amesafiri. Atarudi lini?"

Mwalimu alianza kumwita, "Bosi, njoo huku tuimbe." Baba yako aliinua mkono kumzuia. Aliweka bisibisi chini. Mwalimu akadhani atainuka aondoke.

"Hakusafiri," alisema. "Amekufa."

"Kama kuku wetu?"

"Kama kuku wenu."

"Aliumwa?"

"Aliumwa sana. Madaktari walijitahidi. Mwili ukashindwa."

Bosi alifikiri. "Kwa hiyo kesho haji."

"Haji."

"Na Jumatatu?"

"Na Jumatatu haji."

"Mbona hakutuaga?"

"Hakupata nafasi," baba yako alisema. "Hata mimi hakuniaga."

Mwalimu anasema mtoto hakulia. Alikaa chini kando ya baba yako, akampa parafujo moja baada ya nyingine hadi rafu zote zikasimama imara. Kisha alikwenda kuwapasha habari wenzake, kwa sauti yake ile ya kupanga kazi. Wawili walilia, na mwalimu alikaa nao. Kesho yake mwalimu mkuu aliwaita wazazi akawaeleza kwamba watoto wameambiwa ukweli na kwamba hataufuta. Mzazi mmoja alilalamika. Wengine walitaka kujua waseme nini watoto wakiuliza tena.

Jioni ya siku ile ya rafu, wakati wa kula, baba yako alisema mbele yetu sote, "Mtoto wetu amekufa." Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha ubao. Mama yako alishusha kijiko.

"Nilikuwa nangoja ulitamke wewe," akasema.

Hakuna aliyelia. Hatujui kama tumepata nafuu. Kufa ganzi kungalipo, hasa asubuhi. Ila tangu jioni ile tunaweza kulitaja jina lako bila kuangalia kwanza baba yuko wapi, na ndiyo sababu tumeweza kuandika haya. Baba yako aliyasikiliza yakisomwa, akataka jambo moja liongezwe: wateja wake waelewe kwamba ulisomea kuwafundisha watoto wadogo, wa chekechea, na kwamba uliijua kazi yako.

Unakumbukwa na baba yako fundi seremala, mama yako, dada zako wawili, mpwa wako anayeendelea kupima maji, mjomba wako dereva, ambaye wiki hii amejaza fomu za binti yake kwenda kusomea elimu ya awali na anatuomba tusimcheke, mwalimu mkuu, mwalimu msaidizi, Bosi na wenzake.

Hukupata nafasi ya kutuaga, na sisi tulichelewa kukuaga. Kwa heri, mwalimu. Hutatutoka mioyoni maisha yetu yote.