Samaki wa Lufira, Mashine ya Ulaya

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba
Nimepasua samaki tangu asubuhi. Mikono inanuka hadi kwenye mkate. Halafu simu: Profesa Luc anarudi Likasi. Yule yule wa mradi wa Ulaya unaosaidia watafiti wa samaki kama mimi. Walinisomesha, kweli. Lakini kazi yangu yote ya ziwa la Lufira imechapishwa kwa jina lake. Mimi niko chini kabisa, kwenye shukrani, pamoja na dereva. Sasa anataka samaki wapya, akawapime sumu ya madini ya migodi kwa mashine yao. Safari hii ataniona.

Jumatano, tarehe 9
Amefika. Amenikumbatia, amenipa chokoleti. Nimesema merci. Namchukia. Nimewaza kuchanganya samaki wa kwingine kwenye chupa zake za sampuli, aaibike huko kwao. Hapana. Wanaokula samaki wa ziwa hili ni watu wetu, wanataka kujua ukweli. Nitafute njia nyingine.

Ijumaa, tarehe 11
Njia imekuja yenyewe. Tuko ziwani, mbele ya akina mama wauza samaki, mimi mkalimani. Profesa akamgeukia mwenzake, akasema kwa Kifaransa: "Bila sisi, huyu mkalimani wetu angekuwa anauza samaki kama akina mama hawa."

Nikatafsiri. Neno kwa neno, kwa sauti.

Mama Kapinga, mkubwa wao, akafunika beseni lake. "Kuuzisha samaki iko kitu ya haya? Basi weye, leo hautapata ata moya." Wote wakafunika. Profesa mwekundu kama nyanya. Tumerudi mjini na chupa tupu. Raha niliyosikia! Nimefika nyumbani nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi, tarehe 12
Ameondoka bila kuaga. Aende.

Mchana Mama Kapinga kaja hapa nyumbani na beseni lake. "Pima weye, mutoto yetu. Tujue kama iko muzuri kwa kukula." Mzani ninao. Kisu ninacho. Mashine ya kupima madini iko kwao Ulaya. Nimemwambia asubiri. Akaniachia samaki, hakuuliza asubiri nini.

Jumapili, tarehe 13
Misa. Kulala kidogo. Umeme hakuna, barafu ya friji imeyeyuka. Sijuti, na simwandikii yule profesa anipimie. Samaki wa Mama Kapinga wangeoza. Jioni nimewakaanga, nimekula.

Watoto wangu nimewapikia maharage.