Ufunguo wa Nne

Ggaba, Kampala
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Mumbere,

Salamu zangu zikufikie huko Montreal ukiwa mzima. Mkeo Moreen je, kile kifua chake cha baridi kimepoa? Na Tresor ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka na pengo? Sisi hapa tunapumua. Mama anaumwa miguu kama kawaida, lakini anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue hajambo.

Adabu ya barua nimeimaliza. Sasa ujue nina hasira nawe. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningeanza kulia kabla sijakutukana, nawe ungenibembeleza, na mambo yangeishia hapo.

Nianzie mwanzo, usije ukasema nimesahau wema wako. Ulipokuja Krismasi ile ulitukuta akina mama wa samaki wa moshi tumelizunguka sanduku la chama, ukacheka. Sanduku la mbao, makufuli matatu, na wenye funguo watatu: mimi, Benedicte na Olivia. Ukasema utatutengenezea sanduku kama hilo ndani ya simu. Blokcheni iliyofungwa, ulituambia, ya wanachama peke yao, si ile ya dunia nzima ambayo kila tapeli anaingia. Sisi wenyewe, wanunuzi wetu wa Butembo huko Kongo, na madereva tungelipana kwa sarafu za mtandao, na hakuna tena kuficha noti kifuani hadi mpakani. Kila mmoja angekuwa na nakala ya malipo yote, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kuyageuza peke yake. Funguo zingekuwa tatu, na mbili zikikubali malipo yanatoka. Tulikupigia vigelegele. Benedicte alikuchinjia kuku.

Na kweli ulitusaidia. Nasema hivyo kwa sababu ni haki, si kwa sababu nimepoa.

Unajua yaya Olivia, dada mkubwa wa sisi sote, alivyotutoka, presha ikimwangusha palepale kwenye majiko ya moshi. Unajua pia alitaka kuzikwa Butembo, karibu na baba yake. Akiba yake yote ilikuwa ndani ya mtandao wako. Mimi na Benedicte tukaweka funguo zetu, tukamlipa Bénit, dereva wetu wa samaki, ampeleke kwao. Mafuta mengine na karatasi za mpakani angezilipia Kasese, kabla ya mpaka, kwa wakala anayebadilisha sarafu zenu. Bénit aliona malipo yameingia, akampakia marehemu, akaondoka.

Alipofika Kasese akanipigia. "Yaya, feza iliingia, nikaiona na macho yangu, kisha ikatoka. Mie nafanya namna gani na marehemu ndani ya gari?"

Tukatazama simu. Malipo yamerudishwa, na sababu imeandikwa: hakuna karatasi ya mzigo. Si mimi niliyeyarudisha, wala si Benedicte, na Olivia alikuwa kwenye jeneza. Ndipo tulipojua kwamba kuna ufunguo wa nne, na kwamba uko mfukoni mwako.

Benedicte alikuandikia kwa heshima kuuliza kwa nini malipo ya namba saba (ndiyo namba ya Olivia mtandaoni) yamerudi. Ukamjibu kwamba mtandao ni wa biashara ya samaki tu, na sheria ni msumeno. Kabla hajamaliza kukueleza, ukamwambia unaingia mkutanoni, ukazima simu. Msumeno ninaoujua mimi hukata mbele na nyuma. Huo wako ulikata huku kwetu tu. Benedicte akanigeukia, "Huyu mutoto anatufungia feza yetu siye wenyewe?" Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako ilitoka Montreal ikatufikia sisi.

Tuliuza samaki wote waliokuwa majikoni, hata wale ambao moshi haujawaingia vizuri, kwa bei ya kutupa, tukamtumia Bénit shilingi kwa simu kama zamani. Muda huo wote Olivia alikuwa Kasese, ndani ya gari linalonuka dagaa, na kule Butembo kaburi limeshachimbwa. Wazee wakakataa lilale wazi na tupu. Wakakata mgomba, wakaulaza ndani. Mama yake aliketi kando ya kaburi akiulinda ule mgomba, akimngoja mwanawe. Kuzikwa amezikwa, nashukuru Mungu. Lakini ule mgomba sitausahau, na sitaki wewe uusahau.

Sasa sikia linalonichoma kuliko yote. Asubuhi ileile uliyorudisha malipo, ulituma rambirambi kwenye kundi la familia. Maneno mazuri, Mama alilia. Uliandika kwamba Olivia ndiye aliyekubeba mgongoni tulipokimbia vita, na kwamba wema ule huna cha kuulipa. Basi kwa jina ulimlilia, na kwa namba ulimzuia. Kwenye skrini yako uliondoa majina, ukatuambia ni kwa kutunza siri za wanachama. Ukaona namba saba anamlipa dereva bila mzigo. Mzigo ulikuwepo, Mumbere. Alikuwa yeye.

Najua utasema hukujua. Ni kweli, hukujua, na hukuuliza. Kwenye sanduku letu mtu akitaka kupinga malipo huja, huketi mkekani, humtazama mwenzake usoni, ndipo aseme hapana. Ndiyo maana mapingamizi yetu ni machache.

Chama kimekaa. Hatutaki fidia, na samahani ya simu hatuitaki. Ufunguo wa nne uufute sote tukiona, la sivyo tunatoka kwenye mtandao wako, na Benedicte ameshalifuta vumbi lile sanduku. Ukitamani ufunguo kwetu, ule wa Olivia umetundikwa kwenye msumari nyumbani kwangu, hatujampa mtu. Wewe ndiwe aliyekubeba mgongoni, na hakuna atakayekukatalia. Ila ni wa chuma, haufungui kutoka Montreal.

Mpe Moreen salamu zangu, yeye hana kosa. Mkumbatie Tresor, umsimulie Olivia alikuwa nani. Mama anakusalimu, kisa cha malipo hajakijua, nimemficha, kwa hiyo bado anakuombea kila jioni. Mungu akulinde mpaka utakapofika kaburini kwa Olivia kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na hasira yangu yote,

Kavugho

Kwenye skrini yako, namba mbili.