Gari la Bibi Halijafa

Shuleni, 4 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini kifua kimekuachia na miguu haikusumbui sana. Mimi mzima, ila hesabu zinanitoa jasho. Afadhali huku simu haziruhusiwi, maana kwenye barua sipatwi na kigugumizi.

Baba ameniandikia kwamba gari lako limekufa. Anasema fundi aliweka betri mpya na bado halikuwaka, kwa hiyo mwisho wa mwezi wa tatu litavutwa na lori kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bibi, nijibu kama mgonjwa anavyomjibu daktari. Ukizungusha ufunguo, taa zinawaka? Injini inazunguka au iko kimya? Nimeazima kitabu cha magari maktaba. Kimechanika, ila sura ya kuwasha injini iko nzima.

Mjukuu wako

Nyumbani, 13 Februari

Marahaba mke mwenzangu,

Kifua kimepona. Miguu ni ya uzee, usiiulize tena. Tuzungumze gari.

Taa zinawaka mpaka zinaniumiza macho. Injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Fundi alisema betri; ilipokuja mpya, akasema injini imechoka. Baba yako akaitikia haraka mno, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa hivyo. Mimi nimeendesha gari la wagonjwa mpaka nikastaafu. Boneti sikuwahi kufungua, hiyo ilikuwa kazi ya mafundi, lakini injini iliyochoka naijua, hukohoa kwanza. Hili halikukohoa. Jumapili asubuhi lilinipeleka sokoni, Jumatatu likagoma.

Sasa wanasema nitakuwa napelekwa. Nitapelekwa sokoni, nitapelekwa kliniki, na siku ya kufunga shule nitakaa nyumbani, baba yako akufuate kwa basi. Tangu uanze shule nakufuata mimi. Mimi si furushi.

Bibi yako

Shuleni, 20 Februari

Shikamoo Bibi,

U hali gani? Miguu sijaiuliza.

Betri haina kosa. Ingekuwa dhaifu, injini isingezunguka hivyo. Kinachokosekana ni petroli au cheche, na tuanze na petroli. Kaa kiti cha nyuma, mtu mwingine azungushe ufunguo nusu tu, bila kuwasha. Chini yako pampu ya petroli inatakiwa ivume kidogo, kisha inyamaze. Sikutaka kutegemea kitabu peke yake, nikamwendea dereva wa basi la shule. Nililizunguka basi mara mbili ndipo mdomo ukafunguka. Alinisikilizisha pampu yake. Inavuma kama nyuki ndani ya kopo.

Kuna swali jingine. Baba anasema uligonga nguzo ya geti. Bibi, unaona vizuri? Nataka gari liwake, lakini sitaki likuumize.

Mjukuu wako

Shuleni, 9 Machi

Shikamoo Bibi,

Hujambo huko? Sijapata jibu. Barua zikigawiwa nasimama mbele, mimi ambaye siku zote hujificha nyuma. Kama nimekukosea, nikemee, ila niandikie. Swali langu silifuti.

Mjukuu wako

Nyumbani, 17 Machi

Marahaba,

Sijambo. Nilikasirika. Barua yako niliisukumia chini ya mto, nikakosa raha ya kulala. Mwishowe nikaenda kwa daktari wa macho, kwa miguu yangu hii hii. Kumbe miwani ya zamani ilikuwa pambo la pua tu. Kwa hii mpya daktari ameandika kwamba naruhusiwa kuendesha, na ile nguzo sasa naiona hata nisipotaka.

Jirani amenizungushia ufunguo. Nimetega sikio kiti cha nyuma. Hakuna nyuki.

Bibi yako

Shuleni, 20 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimefurahi mpaka wenzangu bwenini wameuliza kuna nini. Hongera kwa miwani.

Pampu isipovuma, haipati umeme. Fungua boneti. Karibu na betri kuna kisanduku cheusi, na ndani ya kifuniko chake kuna mchoro. Tafuta alama ya pampu ya petroli. Hapo pana fyuzi, na pembeni kidude cha mraba kinachoitwa rilei, ndicho kinachofungulia pampu umeme. Dereva wa basi anasema katika magari kama lako, rilei ya honi inafanana nayo kabisa. Toa ufunguo, ng'oa ya honi, ipachike kwenye nafasi ya pampu, kisha ujaribu kuwasha.

Lori likiwahi kabla hujajaribu, ingia ndani ya gari, funga milango, usitoke.

Mjukuu wako

Nyumbani, 26 Machi

Marahaba mke mwenzangu,

Mimi mzima, na hasira zangu nzima. Fyuzi ipo. Rilei ya pampu haipo. Haikuungua, haipo. Kisanduku chote kina vumbi, lakini nafasi yake ni safi kama pengo la jino lililong'olewa jana. Na wa mwisho kufungua boneti kabla gari halijagoma ni baba yako, Jumapili ile jioni. Alisema anapima oili.

Nilimngoja arudi kazini, nikamwuliza gari lina nini.

"Mama, limekufa. Tuliache."

"Limekufa au limeuawa?"

Akaangalia viatu vyake kama alipokuwa mtoto. Akasema kila simu ikilia anaogopa kuambiwa mama yake amepata ajali. Hapo nilimwonea huruma. Nikampa karatasi ya daktari wa macho, akairudisha bila kuisoma, akasema lori litakuja tu Jumatatu. Hapo huruma ikaisha. Rilei yangu sikumwomba, asije akasema amenipa ruhusa.

Honi ninayo.

Bibi yako

Getini, 29 Machi

Mke mwenzangu,

Hujambo? Karatasi hii nimempa mlinzi akuletee. Amekataa kufungua geti, anasema dereva wa kweli angepiga honi. Niko nje, injini inanguruma, nguzo zenu zote mbili naziona.

Baba yako nimempita kituoni akisubiri basi. Ningempigia honi, lakini sina, na sababu anaijua. Nikampungia mkono. Akifika tutamchukua turudi naye.

Wewe utakaa mbele. Yeye atakaa nyuma, juu ya nyuki.

Bibi yako, dereva