Jiwe Lililotoka Jasho

Ngomeni Rocheclaire,
Wiki ya Mtakatifu Martino.

Mdogo wangu mpenzi Hersende,

Nakusalimu wewe na masista wote wa monasteri yako. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mimi kikohozi kimepungua. Macho ndiyo yananisumbua, lakini bado naona ninayotakiwa kuyaona, na hata nisiyotakiwa.

Divai ya mwaka huu ni nzuri, ila hakuna anayeinywa kwa raha. Unajua Bwana Aubry hanywi kitu kabla mimi, padre wake, sijaweka kando ya kikombe chake lile jiwe liitwalo ulimi wa nyoka, linaloaminiwa kutoka jasho likiwa karibu na sumu. Na desturi ya nyumba hii ni kikombe cha kwanza cha karamu bwana apewe na mkewe. Basi karamu mbili kabla ya ile ya juzi Bibi Ermengarde alitoa kikombe, na jiwe likalowa mbele ya wageni. Sasa watumishi hupokea mkate wake kwa ncha za vidole. Dobi mmoja alimwambia usoni kwamba, bibi wewe, hata uji wa mgonjwa usiuguse. Bwana naye alitangaza kuwa jiwe likilowa tena, mkewe atachomwa moto uwanjani.

Nilimshuku mpishi, kisha msimamizi, kisha, Mungu anisamehe, bibi mwenyewe. Lakini kila siku ya karamu Bwana huliazima jiwe asubuhi, eti apate kusali nalo, na hunirudishia limefungwa kitambaani wageni wakiwa wamekwisha kukaa. Unakumbuka mtungi wa maji ya kisima ambao mama aliuleta jikoni wakati wa kiangazi? Ulilowa nje, ukasema unavuja, nikakuonyesha hauna ufa. Kitu baridi kikiingia penye joto na pumzi za watu, hulowa chenyewe.

Juzi, siku ya karamu, nilikaa mapema kwenye dirisha la kanisa. Nikamwona Bwana Aubry mwenyewe akishusha kifuko cha jiwe kisimani kwa kamba. Ndoa yake haina mtoto, na mkewe akifa ataweza kumwoa mjane mmoja wa bonde la pili mwenye mashamba.

Sikumwambia mtu. Aliponipa jiwe, nililitia kwapani chini ya joho, nikarefusha sala ya chakula mpaka wapishi wakaanza kukohoa. Bibi akaleta kikombe, nami nikaliweka jiwe kando. Jiwe likabaki kavu. Wageni wakashangilia. Bwana akalishika, akalisikia lina joto, akanitazama, akacheka.

“Padre Gerbert,” akasema taratibu, “kwa kuwa una mikono ya joto hivyo, kuanzia Jumapili utakuwa unanionjea kikombe wewe.”

Barua hii imo kifuani mwa Bibi Ermengarde, naye yumo chini ya sufu ya mkokoteni uliosimama langoni kwako. Mfungulie, usimwulize kitu. Humo ndani Bwana hawezi kumgusa.

Huku watu wanaamini Bibi amejifungia kanisani kwangu kushukuru, kwa hiyo lazima nionekane mlangoni, na mezani pia. Wasalimie masista, waniombee kwa jina. Jumapili ni kesho.

Kaka yako akupendaye,
Gerbert