Mashine Yako Hainiamkii Tena

Athumani, mume wangu,

Huna adabu. Tangu tukuzike hapa Kigombe masika yamekuja na kwisha, na hujanijia ndotoni hata mara moja. Shangazi yako umemwendea mara mbili, yeye ambaye hata chai hakuwahi kukutilia. Mimi bibi yako niliyekulea, niliyekuita mume mbele za watu mpaka ukaona haya, ndimi unayenipita mlangoni? Haya.

Anayeandika ni Rehema, fundi mwenzio wa karakana ya Ngamiani. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kunirekebisha.

Nina habari za mchezo wako wa manowari. Ile kompyuta kuukuu uliyoitoa stoo ya shamba la mkonge bado ipo mezani kwangu. Walitaka kuitupa. Nikawaambia atakayeigusa nitamtoa kwa mwiko. Rehema akaja, akaketi, akanieleza: mchezo ulitengenezewa mashine nyingine, na wewe ulikuwa ukiuandika upya mstari kwa mstari uingie kwenye hii. Hauna picha, maneno matupu. Unaandika peleka manowari mbili, mashine inakujibu zimefika au zimezama. Hayo nayajua, si nilikuwa ubavuni pako nakuna nazi huku ukinisomea? Nisilojua ni kwamba ulikuwa umekwama. Mashine ina nafasi ndogo, mchezo umezidi. Kila ukiwashwa unaganda.

Na kilichozidi nilikitia mimi. Unakumbuka? Ulinisomea manowari zinapita juu ya mwamba saa yoyote. Nikauliza, "Na maji yakitoka?" Ukasema, "Bibi, bahari ya humu haikauki." Nikakwambia basi hiyo si bahari, ni karai. Mwamba mimi nautembea kwa miguu kila bamvu, maji yakitoka mbali, nachokoa pweza, manowari ipite wapi, juu ya kichwa changu? Ulicheka mpaka ukamwaga chai. Kesho yake ukaanza kunihoji, bamvu siku ngapi, maji mafu siku ngapi, ukayatia yote humo ndani.

Rehema akasema, "Bibi, Athumani aliongeza vitu viwili: maji kujaa na kutoka, na salamu. Kimoja lazima kitoke."

Salamu. Mashine ilikuwa haianzi vita bila kuniamkia. Shikamoo bibi. Umeamkaje? Mguu je? Umekula? Na kila swali inangoja nijibu, kama mtu. Kusoma sijui, lakini vidole vyangu ulivifundisha neno moja, marahaba, na ndilo neno pekee ninaloweza kuandika duniani.

Nilimwambia angoje siku mbili. Ya tatu nikaenda mwambani na ndoo yangu, maji yametoka, nikasimama pale pale ambapo manowari zako zingekwama. Nikarudi nimelowa, nikamwambia: toa salamu. Maji yaache. Maji tuliyatia wawili, mimi na Athumani. Kuniamkia si kazi ya mashine, ni kazi yake.

Rehema alipoifuta salamu nilitoka nje. Sikulia. Nililia kidogo.

Sasa mchezo unakwenda. Jana Rehema alipeleka manowari tatu maji yakitoka, zikakwama mwambani zote. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Haya, pumzika, mume wangu. Mungu akutilie nuru huko ulipo. Kila Ijumaa nikishakuombea dua nitaifuta vumbi mashine yako, na maadamu nina mikono, haitoki mezani kwangu.

Na ukija, usipitie kwa shangazi yako. Njoo moja kwa moja kwangu, wala usianze na manowari. Anza na shikamoo. Niulize na mguu. Halafu ungoje nijibu.